Taa ya Dagaa Ikianza Kuyumba, Anza na Kelele za Umeme

Mugango, kama kwingineko kandokando ya Ziwa Victoria, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa. Karabai zimezipisha taa za LED za betri ya volti 12, na ndani ya baadhi yake mna konvata inayopandisha volti. Mwanga ukiyumba, wengi hukimbilia kubadilisha betri. Mimi huanza na kelele za umeme.

Kelele hizo hazina swichi ya kuzizima. Rezista ya kiloomu 1, kwa joto la kawaida tu, hutoa volti zinazopanda na kushuka bila mpangilio: kama mikrovolti 4 katika upana wa masafa wa megahezi 1. John Johnson alizipima na Harry Nyquist akazifafanua kihesabu, wakachapisha matokeo mwaka 1928. Transista ya konvata inayowaka na kuzima jirani yake huongeza kelele kubwa zaidi.

Ila ukubwa wa kelele si neno la mwisho. Katika konvata inayodhibiti kilele cha mkondo, kelele huizimisha transista mapema kidogo. Ukipandisha volti 12 hadi 19 za kompyuta mpakato, transista huwaka asilimia 37 ya kila mzunguko, na kosa hilo hupungua hadi likafa. Ukipandisha hadi 36 za mnyororo mrefu wa LED, huwaka asilimia 67, na kosa lilelile huwa maradufu kila mzunguko. Pigo moja fupi, linalofuata refu, koili ya konvata inalia.

Kwa chipu ya UC3843, fundi aanze na mguu wa 3 unaopima mkondo: rezista ya kiloomu 1 na kapasita ya pikofaradi 470, vikae karibu kabisa na chipu. Waya wa kipimo uwe mfupi, mbali na koili.

Dawa yenyewe ni kuongeza mteremko kwenye kipimo cha mkondo. Transista ndogo ya NPN huchukua wimbi la mguu wa 4 na kulipeleka mguu wa 3 kupitia rezista. Mteremko huo usipungue nusu ya kasi ya mkondo wa koili unaposhuka.

Kisha taa ijaribiwe kwa volti 11, si kwa betri iliyojaa. Hapo transista huwaka karibu asilimia 70 ya mzunguko, na bila dawa hiyo kosa hukua haraka zaidi. Ikitulia kwa volti hizo, iende ziwani.