Windows au Linux? Pima Kabla Hujabadilisha Saiba Yako

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mwenye saiba yenye mashine kuukuu hapa Riruta au Kawangware inambidi aamue. Laptopu nyingi za mitumba hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4 na, kwa mashine za Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Linux Mint huingia kwenye mashine hizo bila masharti hayo.

Ukiuliza ushauri, fundi mmoja atakwambia Linux ni nyepesi kama nini. Mwingine ataapa kwamba itakufukuzia wateja. Huenda kila mmoja anasema alichokiona, lakini mara nyingi anayeisifu Linux aliiona ikiwa mpya kwenye diski ya SSD, akailinganisha na Windows iliyokaa miaka mitano bila kusafishwa kwenye diski ya kuzunguka. Hapo ni sawa na kushindanisha matatu mbili kwenye Naivasha Road, moja imejaza hadi mlangoni na nyingine tupu. Ukitaka jibu la haki, fuata hatua hizi.

1. Orodhesha kazi za wateja wako

Kwa wiki nzima, andika daftarini kila kazi inayoingia na imeingia mara ngapi: kuprinti, kuskani kitambulisho, kuchapa CV, huduma za eCitizen, ritani za KRA. Ukipima Februari, usisahau msongamano wa Juni, kwani ritani za watu binafsi hufungwa tarehe 30 mwezi huo.

Ritani ndizo za kuangaliwa zaidi. Fomu ya Excel ya iTax ina makro zinazokagua hesabu na kutengeneza faili ya zipu ya kupakia kwenye tovuti. LibreOffice, inayotumika badala ya Office kwenye Linux, inaweza kuifungua ikapendeza macho, kisha makro zikagoma. Jaribu mpaka faili ya zipu itoke. Usiishie kwenye kuifungua tu.

2. Sawazisha mashine

Tumia kompyuta ileile, RAM ileile. Nunua SSD mbili za aina moja, weka mfumo mmoja kwenye kila moja, uwe unabadilisha. Mifumo yote miwili isakinishwe upya, na kila mmoja umalize masasisho yake kabla hujashika saa. Windows inayopakua masasisho kimyakimya itaonekana nzito kuliko ilivyo. Hifadhi kazi za watu kwingine kabla ya yote.

Kuiwasha Linux kutoka kwenye flashi kunafaa kwa jambo moja: kuona kama Wi-Fi, sauti, printa na skana vinatambuliwa. Usipime kasi hapo, maana flashi yenyewe ni ya polepole.

3. Jihadhari na namba zinazodanganya

Muda wa kuwaka ndio watu wanaopenda kuutaja. Lakini tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows ina mpangilio wa kuwaka haraka: ukiizima, sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili isianze upya kesho yake. Uzime mpangilio huo, au upime kwa kuamuru mashine izime na kuwaka tena palepale.

Kiasi cha RAM kinachotumika nacho hakitoshi kuwa ushahidi. Mifumo ya leo hutumia RAM iliyo wazi kuweka vitu inavyotarajia kuvihitaji. Fungua kurasa zilezile za kivinjari, moja baada ya nyingine, uone ni wapi mashine inaanza kukwama.

Rudia kila jaribio mara tatu, uchukue matokeo ya katikati. Kazi za mtandaoni zipime saa ileile ya siku, kwa kebo ileile; intaneti ya saa nne asubuhi si ile ya jioni watu wakiwa wamerudi nyumbani.

4. Mpe mhudumu muda

Aliyetumia Windows tangu shule atachelewa kwenye Linux siku ya kwanza, na kuchelewa huko ni kwa mazoea. Mwache aitumie wiki mbili ndipo umpime. Wateja wanaojihudumia ni habari nyingine: hao hawana wiki mbili, kwa hiyo ugeni wao uhesabu kama gharama halisi.

5. Linganisha bei za kweli

Windows ya wizi si ya bure. Programu za kuvunjia leseni mara nyingi hukutaka uzime kinga dhidi ya virusi, na kwenye mashine hiyohiyo wateja wanaandika nywila za eCitizen na iTax. Upande wa Windows weka leseni halali, ya Office pia kama unaihitaji. Upande wa Linux weka malipo ya fundi, mafunzo na, ikibidi, printa inayokubalika.

6. Toa hukumu ya kila meza

Zidisha muda wa kila kazi kwa idadi yake kwa wiki, kisha jumlisha. Kazi isiyowezekana kabisa usiipe alama ndogo. Iandike kando, kwa sababu hiyo ndiyo itakayomtoa mteja aende kwa jirani.

Usishangae ukipata majibu mawili ndani ya chumba kimoja. Mashine moja inayokubali Windows 11 inaweza kubaki ya ritani na nyaraka za Office, na zile kuukuu zikapewa Linux kwa kuvinjari na kuprinti. Fundi akija na sifa za mfumo wake, mwonyeshe daftari, umuulize ni kazi gani kati ya hizo aliyoipima, na kwenye mashine gani.