Kupandikiza Seli Shina za Korodani: Somo la Mgomba

Mkulima wa Kagera hapandi migomba kwa mbegu. Anang'oa chipukizi kando ya mgomba uliokomaa, analihamishia kwenye shimo jingine, na siku ikifika anakata mkungu. Mgomba uliokwisha kuzaa hufa, lakini shamba halifi, kwa kuwa chini kwenye tunguu limebaki chipukizi jingine. Naomba msomaji auweke mgomba huo mbele ya macho tunapoingia ndani ya korodani, maana utafiti ninaotaka kuueleza ni kilimo cha namna hiyo hiyo.

Korodani imejaa mirija myembamba iliyojikunjakunja. Ukiukata mmoja na kuutazama kwa hadubini, utaona seli zimepangana kwa matabaka: changa ziko ukingoni, zilizokomaa zimesogea katikati penye uwazi. Mbegu ya kiume huanzia ukingoni, hugawanyika, hupunguza kromosomu zake kutoka 46 hadi 23, huota mkia, kisha huachiliwa. Safari hiyo huchukua zaidi ya miezi miwili.

Mwanamume mzima hutengeneza mamilioni ya mbegu kila siku, kwa miaka na miaka. Kwa nini haziishi? Kwa sababu ukingoni kabisa zimekaa seli shina. Zinapogawanyika, baadhi ya uzao wake hubaki kuwa shina na mwingine huanza safari ya kuwa mbegu. Ni chipukizi na mkungu wake. Nazo ni chache mno: katika korodani ya panya hukadiriwa kuwa seli 3 tu kati ya kila 10,000. Uzazi wote wa dume umesimama juu ya hizo chache.

Shina halioti hewani. Linazungukwa na seli za Sertoli, zilizopewa jina la Enrico Sertoli, Mwitalia aliyezieleza mwaka 1865. Hizo ndizo udongo wake. Huzilisha mbegu zinazokua, na hutoa protini iitwayo GDNF inayolifanya shina libaki shina.

Hapo tunaweza kuuliza vizuri: ugumba wa mwanamume ni nini? Pengine mbegu zipo ila njia imeziba. Pengine udongo umeharibika. Pengine mashina yamekufa huku udongo ukiwa mzima. Upandikizaji wa seli shina unaahidi kulisaidia kundi hili la mwisho tu. Wala jambo hili halihusu nguvu za kiume. Homoni ya kiume hutengenezwa na seli nyingine zilizo nje ya mirija, hivyo mtu anaweza kukosa mbegu hata moja na bado akawa na nguvu zake kamili.

Mashina hufaje? Mara nyingi ni kwa tiba iliyokuja kuokoa maisha: mionzi, au tibakemia. Busulfani, dawa inayotumika kumwandaa mgonjwa kupandikizwa uloto, hufagia seli za uloto wa zamani, na mashina ya korodani huenda nazo.

Mwaka 1994, Ralph Brinster na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichukua seli za korodani za panya wenye uwezo wa kuzaa na kuzisukuma kwa sindano nyembamba ya kioo ndani ya mirija ya panya wagumba. Wengine waliotumika kupokea seli walikuwa wamepewa busulfani hiyo hiyo. Seli ziliachwa katikati ya mrija, mahali ambapo kwa kawaida ndipo mwisho wa safari. Mashina yaliyokuwamo yakarudi kinyumenyume: yakapenya kati ya seli za Sertoli, yakafika ukingoni, yakatulia na kuanza kugawanyika. Hakuna aliyeyaonyesha njia. Kwangu hiki ndicho kiini cha utafiti wote. Baadhi ya seli za wafadhili zilikuwa na jeni inayozifanya zishike rangi ya bluu zikipimwa maabara, na mirija ya panya waliopandikizwa ilionekana ya bluu. Baadhi ya panya hao walizaa, na baadhi ya watoto walibeba urithi wa mfadhili.

Mwaka 2012, timu ya Kyle Orwig mjini Pittsburgh ilifanya hivyo kwa tumbili aina ya rhesus. Iliwatolea seli, ikawapa busulfani, kisha ikawarudishia seli zao wenyewe. Kati ya madume wazima 12, mbegu zilizotokana na seli hizo zilionekana kwa 9. Mwaka 2025 timu hiyo ilieleza kuhusu kijana aliyerudishiwa seli zilizohifadhiwa kwenye baridi kali tangu utotoni, kabla ya tibakemia ya saratani ya mfupa. Katika taarifa hiyo mbegu hazikuwa zimeonekana bado.

Hatari nayo ipo. Kwa mwenye saratani ya damu, seli za ugonjwa zinaweza kujificha ndani ya kipande kilichohifadhiwa na kurudi pamoja na mashina. Katika jaribio la panya, seli 20 tu za saratani hiyo zilitosha kuuhamisha ugonjwa. Kwa hiyo anayekuuzia leo sindano ya seli shina kama dawa ya ugumba anakuuzia kitu ambacho sayansi haijakifikia. Usimpe fedha yako.

Jambo hili linatuhusu. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu, na watoto wengi zaidi wanapona saratani kuliko zamani. Kijana aliyebalehe anaweza kuhifadhi manii yake kabla ya dawa. Mtoto wa miaka saba hana mbegu za kuhifadhi. Alichonacho ni mashina, na tibakemia ikishapita huenda hayatakuwepo tena.

Mzazi, mwanao akiandikiwa tibakemia, mionzi au kupandikizwa uloto, usiahirishe tiba yake kwa hofu ya uzazi, uhai kwanza. Lakini kabla ya dozi ya kwanza, muulize daktari wake: dawa hizi zitaufanyia nini uzazi wake, na kuna kipi tunachoweza kuhifadhi sasa?