Dondoo muhimu: Kasi inayokwama ndani ya nyumba

Mkazi wa Itigi uliyelipia kasi ya intaneti inayozidi gigabiti moja kwa sekunde, kagua vifaa vyako kabla hujampigia simu mtoa huduma.

Anza na matundu ya kebo. Tundu la gigabiti moja hupitisha takriban megabiti 940 kwa sekunde, basi. Ukitaka kuvuka hapo, tundu la modemu, la ruta upande wa kupokea na la kutolea, na la kompyuta, yote yawe ya gigabiti 2.5. Moja tu likiwa dogo, linabana njia nzima. Muulize fundi kabla ya kununua, maana maandishi makubwa ya kasi kwenye boksi mara nyingi ni jumla ya Wi-Fi, si ya matundu.

Kebo ya Cat5e isiyo na hitilafu inahimili gigabiti 2.5 hadi meta 100, kwa hiyo usiuziwe ya bei kubwa bila sababu. Tazama ncha yake ya plastiki angavu: nyaya ziwe nane. Zikiwa nne, utaishia megabiti 100.

Wi-Fi ya gigahezi 5 ina kasi lakini huchoshwa na kuta za tofali, ya 2.4 hufika mbali, polepole. Weka ruta juu, mahali pa wazi, mbali na kabati la chuma. Ikiwa inatumia laini ya simu, isogeze dirishani upande wa mnara.

Pima kasi kwa kebo kwanza. Kumbuka megabiti 8 ni megabaiti 1: faili likishuka kwa megabaiti 115 kwa sekunde, tundu la gigabiti moja limejaa.