SOMO LA KIKUNDI: Mtu Aliyeitwa kwa Namba

Somo hili linahusu watu waliokwenda kutafuta kazi ugenini. Nguvu zao zilihitajika, lakini wao wenyewe hawakupokelewa. Lisomeni pamoja, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

Manamba walitoka wapi?

Mkonge uliletwa Tanganyika na Wajerumani mwaka 1893. Mashamba yalienea Tanga, Morogoro na hadi tambarare za chini ya Mlima Kilimanjaro. Kazi ilihitaji maelfu ya vibarua, lakini Wachagga wengi walikuwa na vihamba vyao vya migomba na kahawa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, na mwaka 1933 ikaanzishwa KNCU. Mwenye kahawa yake hakuona sababu ya kukata mkonge wa mtu mwingine.

Kwa hiyo vibarua walitafutwa mbali: Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na Msumbiji. Huko njia za kupata fedha zilikuwa chache, na kodi ilidaiwa kila mwaka. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha vibarua, iliyojulikana kama SILABU. Kila mtu alipewa namba, ndipo likatokea jina "manamba". Alifanya kazi kwa kipande cha siku 30, na mgawo wa siku usipomalizika, siku hiyo haikuhesabiwa. Wengi waliishi kambini bila familia zao. Baadaye neno manamba likawa tusi.

Wengine waliopita njia hiyo

Kati ya mwaka 1845 na 1852 viazi vilioza mashambani huko Ireland. Watu wapatao milioni moja walikufa, na zaidi ya milioni moja walihama. Wengi walifika New York, Boston na Philadelphia wakiwa hawana kitu. Walichimba mifereji, walibeba mizigo bandarini na walijazana katika vyumba vichafu. Waliitwa walevi na wavivu, na baadhi ya matangazo ya kazi yalisema Mwairishi asiombe. Hata kabla ya njaa hiyo, mwaka 1844, makanisa yao ya Kikatoliki yalichomwa moto Philadelphia. Wao walijibu kwa kuungana: walisaidiana, na mwaka 1850 benki ya akiba ya wahamiaji ilifunguliwa New York.

Na sisi je?

Hapa kwetu mtu asiye Mchagga huitwa "chasaka", yaani mtu wa porini. Msichana wa kazi kutoka Singida, mlinzi na mkata miwa wa msimu hutusaidia kila siku, lakini akiugua au akifiwa, ni nani anayemjua jina? Tukumbuke pia kwamba vihamba vimekuwa vidogo, na watoto wetu wengi wanatafuta maisha Dar es Salaam na kwingineko. Huko nao husemwa kwamba Mchagga anapenda pesa kuliko mtu. Jina baya linalotuumiza sisi ndilo tunalompa mwenzetu.

Mambo ya kufanya

- Mwite mfanyakazi kwa jina lake, na ujue kwao ni wapi.
- Mpe masharti ya kazi kwa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa sababu ya kabila au mahali mtu atokako.
- Mkaribisheni katika VICOBA na katika chama cha kufa na kuzikana. Mgeni akifa bila chama, msiba wake hauna mwenyewe.

Maswali ya kujadili

1. Katika kitongoji chetu, ni nani anafanya kazi nasi lakini hajawahi kualikwa kikaoni?
2. Ni majina gani ya dharau tunayoyatumia mbele ya watoto?
3. Someni Walawi 19:33–34. Kwa nini Waisraeli walikumbushwa kwamba nao walikuwa wageni Misri?
4. Kabla ya mkutano ujao, kikundi kitamkaribisha nani?