Hesabu ya Wimbi

Wako wanafunzi wadhanio ya kuwa hesabu za mwendo ni kazi ya darasani tu. Basi, sikilizeni hesabu iliyohusu maisha ya watu.

Tarehe 26 Desemba 2004, yapata saa 10 alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, nchi ya Indonesia. Mawimbi makubwa yakaenea pande zote, hata kuelekea kwetu. Kutoka huko mpaka Mombasa ni kadiri ya kilometa 6,300. Katika bahari kuu, penye kina cha meta 4,000, wimbi la namna hii huenda kadiri ya meta 200 kila sekunde. Je, litafika saa ngapi?

Kanuni ni hii: Muda = umbali ÷ mwendo.

Lakini jihadharini! Ukigawanya 6,300 kwa 200 utapata 31½, jibu lisilo na maana, kwa kuwa umechanganya kilometa na meta. Kwanza geuza mwendo:

Saa 1 = 60 × 60 = sekunde 3,600.
200 × 3,600 = meta 720,000, yaani kilometa 720 kwa saa.
6,300 ÷ 720 = 8.75.

Hapa wengi hujikwaa. 8.75 si saa 8 na dakika 75! Zidisha 0.75 kwa 60, upate dakika 45. Basi muda ni saa 8 na dakika 45, na wimbi latazamiwa saa 7 kasorobo mchana. Aliyekosea angelitazamia nusu saa baadaye. Tena karibu na pwani, penye maji machache, wimbi hupunguza mwendo. Kwa hiyo hesabu hii ni ya kukadiria.

Siku ile Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wa kuonya watu. Huko Somalia walikufa karibu watu 300. Nchini Kenya habari zilitangulia, watu wakaondolewa ufukoni, akafa mmoja. Muda ulikuwapo, kilichopungua ni habari.

Mazoezi

1. Kwa mwendo ule ule, wimbi litakwenda kilometa 5,040 kwa saa ngapi?
2. Mtu aendaye meta 1.5 kila sekunde atafika kilimani, umbali wa meta 900, kwa dakika ngapi?