Matarajio ya Nani? Mbinu za Kutathmini Sayansi katika Sekondari Msingi

Siku ya kufunga shule, mzazi wa Gatina, Nairobi, huisoma ripoti ya mtoto akiwa amesimama mlangoni mwa darasa. Mkoba uko begani, na kibanda chake pale Kawangware 46 amemwachia jirani. Anapitisha kidole kwenye karatasi, anazikuta herufi ME mbele ya Sayansi Jumuishi, kisha anauliza: "Mwalimu, amekuwa namba ngapi?"

Namba hakuna tena. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliompa mtoto alama kati ya 500, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtaala wa umilisi una ngazi nne: kuzidisha matarajio (EE), kufikia matarajio (ME), kukaribia matarajio (AE) na mbali na matarajio (BE). Ni maneno mazuri, ila yanazaa swali gumu kuliko lile la mzazi. Matarajio ya nani, na mtoto aliambiwa lini? Ukimuuliza mwenyewe, mara nyingi atakujibu kwamba ameyaona kwenye ripoti.

Mbinu zinazofuata ni za mwalimu wa Gredi ya 7 hadi ya 9 mwenye darasa kubwa na asiye na maabara. Zote zinasimama juu ya jambo moja: mtoto ajue kinachotarajiwa kabla hajagusa kifaa chochote.

1. Pima alichofanya, usipime alichonunua

Nianze na kosa langu. Mwaka 2023, Gredi ya 7 ilipoanza, niliwaagiza wanafunzi watengeneze chujio la maji nyumbani. Kijana mmoja alileta chujio la kupendeza, limekatwa vizuri na kupakwa rangi. Nikampa EE. Msichana mmoja akaja na chupa ya soda iliyokatwa kwa kisu, ndani mna mchanga, mkaa uliopondwa na kipande cha leso kuukuu. Nikampa ME kwa sababu lilikuwa linavuja.

Wiki iliyofuata niliwauliza kwa nini mchanga na mkaa vinawekwa kwa matabaka. Kijana akanyamaza, chujio lake lilikuwa kazi ya fundi. Msichana akaeleza kwamba mchanga unazuia takataka kubwa, mkaa unapunguza harufu na rangi, na kwamba maji hayo bado lazima yachemshwe. Mimi nilikuwa nimetathmini mfuko wa mzazi.

Tangu siku hiyo, kazi yoyote inayoingia kwenye rekodi hufanywa darasani, mbele ya macho yangu. Ya nyumbani inabaki kuwa mazoezi. Mtoto anayeishi na ndugu wanne katika chumba kimoja cha ploti, ambapo stima ikikatika hakuna pa kuandikia, hawezi kushindanishwa na mwenye meza na fundi.

2. Chagua jaribio ambalo kila mtu atalimudu

Mada ya asidi, besi na viashiria haihitaji kemikali za dukani. Nunua manjano, ile ya kupikia mchuzi. Koroga kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji moto, chovya vipande vya karatasi nyeupe, uvianike. Tafuta ndimu, sabuni ya kipande, magadi ya kuchemshia githeri, jivu la jikoni na maji ya mfereji. Tengeneza maji ya kila kimoja kwenye kifuniko cha chupa.

Karatasi ikiguswa na maji ya sabuni, magadi au jivu, njano inageuka kuwa nyekundu ya kahawia. Ikiguswa na ndimu, inabaki njano. Ikiguswa na maji ya mfereji, kwa kawaida pia inabaki njano. Hapo pana mtego mzuri wa kisayansi, nitaurudia. Waonye tu wasionje chochote, wasiguse macho, na wanawe mikono wakimaliza.

3. Andika ngazi nne ubaoni kabla ya kuanza

Tumia lugha ambayo mtoto wa miaka 12 ataielewa bila kamusi. Kwa jaribio la manjano, mimi huandika hivi:

Mbali na matarajio: bado sijaweza kuandika nilichokiona, hata nikisaidiwa.

Kukaribia matarajio: nimeandika rangi nilizoziona, lakini nimekosea kutaja zilizo besi, au nimehitaji msaada.

Kufikia matarajio: nimeandika rangi zote kwa usahihi, nimetaja besi zote, na nimetoa sababu.

Kuzidisha matarajio: nimefanya hayo yote, tena nimetaja jambo moja ambalo karatasi hii haiwezi kutuambia.

Iangalie ngazi ya juu. Inamweleza mtoto aina ya fikra inayotakiwa bila kumpa jibu. Ukiandika "atambue kwamba manjano haitofautishi asidi na maji," utakuwa umemaliza kazi kwa niaba yake. Ukiandika "ajibu vizuri zaidi," hujamwambia kitu. Rubriki nzuri huonyesha mlango na kumwachia mtoto aufungue.

Siku moja mkono uliinuka nyuma ya darasa: "Teacher, ya ndimu na ya maji zimekaa sawa. Sasa tutajuaje ndimu iko na asidi?" Hiyo ndiyo EE, imesemwa kwa Kiswahili cha mtaani, na imetoka kwa mtoto ambaye mtihani wa karatasi ulikuwa umemwacha nyuma.

4. Usichanganye sayansi na Kiingereza

Sayansi Jumuishi hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na mtoto lazima ayajue maneno yake. Lakini unapotathmini uchunguzi, mruhusu kwanza aeleze kwa maneno aliyonayo. Akishaelewa, mfundishe jina la Kiingereza na umtake aliandike. Ukikosa kutenganisha mambo haya mawili, utaandika kwamba hajui besi kumbe hajui tahajia, nawe utarudia somo la besi bure.

5. Tazama watoto kumi kwa kipindi

Hakuna mwalimu anayeweza kuwatazama watoto 60 kwa dakika 40. Chagua kumi kabla ya kuingia darasani, na uzungukie hao tu kwa kalamu. Kwa vipindi sita utakuwa umewamaliza wote. Katika daftari lako weka majina kwa safu na stadi tatu tu juu: kutabiri, kurekodi, kueleza. Tiki ni anaweza peke yake, nukta ni anaweza akisaidiwa, duara ni bado. Usisubiri jioni ndipo ukumbuke nani alifanya nini, kwa sababu utakaowakumbuka ni wapiga kelele na hodari.

6. Kundi lifanye, mtoto ajibu

Vifaa vichache vinalazimisha makundi. Tatizo ni kwamba katika kundi la wanne, mmoja hufanya na watatu huvuna. Chunguza pia nani anashika nini: aghalabu wavulana hunyakua vifaa, wasichana huachiwa kuandika na kuosha vikombe. Gawa majukumu wewe mwenyewe, na uyazungushe kila jaribio. Mwisho, muulize kila mmoja swali lake peke yake: "Nikiweka ndimu juu ya karatasi iliyogeuka nyekundu, kutatokea nini?" Aliyeelewa atatabiri kwamba njano itarudi. Aliyenakili atamtazama mwenzake. Rekodi jibu la mtoto. La kundi liache.

7. Mpe nafasi ya pili

Mvua ikinyesha na vichochoro kujaa matope, viti kadhaa hubaki wazi. Wengine hubaki nyumbani kulea wadogo zao mama akienda kufua nguo za watu. Kutokuwepo si kutojua, kwa hiyo usimwekee duara mtoto ambaye hukumwona. Tenga mapumziko ya siku moja kwa wiki kwa waliokosa na waliobaki nyuma, kwa vifaa vile vile. Akiweza mara ya pili, andika anachoweza leo, na uhifadhi rekodi ya kwanza ili ionyeshe alikotoka.

Kumbuka pia kwamba rekodi hiyo ina uzito. Katika kumpangia mtoto nafasi ya Gredi ya 10, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, yaani KJSEA, hubeba asilimia 60, KPSEA ya Gredi ya 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20. Ukibuni alama Ijumaa jioni ili kujaza nafasi, umemchezea mtoto maisha yake.

8. Mtafsirie mzazi herufi

Mzazi aliyesoma enzi za 8-4-4 akiona 58 anaona aibu. Mwambie jinsi ngazi zilivyo. Katika KJSEA, iliyofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, kila ngazi imegawanywa mara mbili: EE1 inaanzia 90, EE2 75, ME1 58, ME2 41, AE1 31, AE2 21, BE1 11, na BE2 iko chini ya hapo. Kwa hiyo 58 ya leo ni kufikia matarajio, tena sehemu ya juu yake.

Kisha acha herufi, umpe sentensi tatu: anachoweza, asichoweza bado, na cha kufanya nyumbani bila gharama. "Mama Faith, Faith anarekodi vizuri sana. Kueleza sababu bado. Jioni ukipika, muulize kwa nini unafunika sufuria, na usikubali ajibu kwa neno moja." Mama huyo atarudi kibandani na kitu cha kufanya, na hatauliza namba.

Huhitaji kungoja maabara ijengwe ndipo uanze. Kesho asubuhi, ukishaandika tarehe ubaoni, andika chini yake sentensi moja inayoanza na "Mwisho wa kipindi hiki nitaweza..." Waache waisome kwa sauti. Kipindi kikiisha, waulize walioweza wainue mikono, halafu wape kazi ya kukuthibitishia.