Ua Mbele ya Picha: Funzo la Ikebana kuhusu Fani na Maudhui

Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hukutana mapema na mfano wa kikombe na kinywaji: fani ni kikombe, maudhui ni kinywaji. Mfano huu ni mwepesi kueleweka, lakini una dosari. Unadokeza kwamba kinywaji kile kile chaweza kumiminwa katika kikombe kingine pasipo kubadilika. Makala haya yanauhoji mtazamo huo kwa kuchunguza ikebana, yaani sanaa ya Kijapani ya kupanga maua, ambamo chombo na kilichomo huonekana kwa macho.

Chimbuko

Ikebana ilichipuka kutokana na desturi ya kutoa maua mbele ya sanamu na picha za Kibuddha. Katika hekalu la Rokkakudo mjini Kyoto, makasisi walioishi kando ya kidimbwi walimtolea maua Kannon, mtukufu wa huruma katika imani hiyo. Makao yao ndiyo yaliyozaa jina Ikenobo, ambalo hadi leo ni jina la mkondo mkongwe zaidi wa sanaa hii. Shajara ya mtawa mmoja ya mwaka 1462 inasimulia jinsi Ikenobo Senkei alivyopanga maua katika chombo cha dhahabu, na jinsi wakazi wa Kyoto walivyoshindana kwenda kuyatazama.

Katika enzi ya Muromachi (1336–1573), picha za Kibuddha zilitundikwa ukutani, aghalabu tatu kwa pamoja. Mbele yake vilipangwa vifaa vitatu: chetezo katikati, kinara cha mshumaa upande mmoja na chombo cha maua upande wa pili. Ikumbukwe kwamba ua halikuwekwa katikati likaificha picha, bali lilisimama kando yake mithili ya msemaji wa pili.

Ua kama Fasiri

Msemaji huyu alikuwa na lipi la kuongeza? Mojawapo ya mafundisho makuu ya Kibuddha ni kwamba hakuna kitu kinachodumu. Mchoraji hulieleza hilo kwa wino ambao waweza kuishi karne nyingi. Ua hulieleza kwa kunyauka. Huu ni mwingilianomatini, kwa istilahi iliyoasisiwa na Julia Kristeva, lakini ua haliirudii picha. Linatenda kile ambacho picha inaweza kukisema tu.

Katika maandishi yake ya mwaka 1542, Ikenobo Senno alijitenga na wale waliotia maua mazuri chomboni kwa kuufurahia uzuri wake pekee. Kwake, hata tawi lililokauka lilistahili nafasi. Ukavu wake ulikuwa sehemu ya ujumbe. Aidha, katika mkondo wa Ikenobo, mashina hubanwa pamoja yakachomoza majini kana kwamba ni shina moja. Kwa hiyo chombo pamoja na maji yake si kibebeo tu. Ndiyo ardhi ambamo mmea unaonekana kuota.

Hitimisho

Tuseme ua bichi linaondolewa na mahali pake panawekwa ua la plastiki lenye umbo na rangi ile ile. Mtazamaji wa mbali huenda asitambue tofauti. Hata hivyo, maudhui yatakuwa yametoweka, kwa kuwa ua hilo haliwezi kunyauka. Mfano wa kikombe na kinywaji hauwezi kulieleza jambo hili.

Vivyo hivyo kwa shairi. Mhakiki anayetaja idadi ya beti, mizani na vina, kisha akageukia maudhui kana kwamba ameanza kazi nyingine, amehesabu petali na kuliacha ua. Kila hesabu ya namna hiyo yafaa ifuatwe na swali: je, kipengele hiki kinasema nini ambacho kisingesemeka bila ya kuwapo kwake? Pasipo swali hilo, fani itaendelea kuonekana kuwa pambo, na uhakiki utabaki kuwa orodha.